Samarkand haikuwa kituo cha kupumzisha ngamia tu

Hapo uliposema kwamba kati ya China na Ulaya watu walikuwa wakipitisha hariri tu, ndugu yangu, sikubaliani nawe. Elimu nayo ilikuwapo njiani. Chukua Samarkand, mji uliokuwa kwenye njia hiyo ya misafara, Uzbekistan ya leo. Katika miaka ya 1420 mtawala wake, Ulugh Beg, alijenga kituo cha kuangalia nyota. Ndani yake mlikuwa na tao kubwa la kupimia, sehemu yake ikiwa imechimbiwa ardhini, lenye nusukipenyo cha takriban mita 40. Darubini ilikuwa bado haijavumbuliwa, kwa hiyo chombo kilivyokuwa kikubwa ndivyo vipimo vilivyozidi kuwa makini. Jedwali lao la nyota zaidi ya 1,000 ni la 1437, na nyingi walizipima upya wenyewe, hawakumnakili tu Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa kale aliyeandika kwa Kigiriki.

Pale pale alikuwapo mwanahisabati al-Kashi, ambaye mwaka 1424 alikokotoa pai (mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake) hadi tarakimu 16 baada ya nukta. Ulaya ilikuja kumpita miaka ya 1590! Shuleni nani alitutajia jina lake?

Ulugh Beg alipinduliwa na mwanawe wa kumzaa, akauawa 1449. Kituo kiligeuka magofu, yakafukuliwa 1908. Jedwali lenyewe lilichapishwa Oxford mwaka 1665.