Nusu ya Wimbo Imebaki Ukumbini

Swali la juma lililopita liliuliza hivi: ikiwa nyimbo za bendi kongwe zinapatikana zote kwenye simu, mpenzi wa muziki ana haja gani ya kulipa kiingilio na kukesha ili aione bendi hiyo ikipiga jukwaani? Mimi ni fundi cherehani katika soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza. Nimesikiliza muziki wa dansi redioni kila siku ya kazi kwa zaidi ya miaka 30, na jibu langu ni kwamba haja ipo, na ni kubwa, kwa sababu kilichomo kwenye simu ni nusu ya wimbo.

Wimbo wa dansi la Tanzania una sehemu mbili. Kwanza waimbaji wanasimulia kisa, mara nyingi cha ndoa, mirathi au ugeni wa mjini, na ala zinakwenda taratibu ili kila neno lisikike. Kisha mwendo unabadilika: gitaa la solo linapanda, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, tumba zinakazana, na waimbaji wanabaki na maneno machache ya kurudiarudia. Sehemu hii ya pili ndiyo inayoitwa chemko. Kwa miaka mingi bendi zetu zilitegemea studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi nzima iliingia na kupiga kwa pamoja, na wimbo ulilazimika kukoma baada ya dakika chache ili na mwingine upate nafasi. Kwa hiyo kisa tulikipata kizima, lakini chemko tulionjeshwa tu. Ukumbini linaweza kuendelea mara tatu ya muda ule, na hakuna usiku linapofanana na la usiku mwingine, kwa kuwa urefu wake unategemea waliosimama mbele ya jukwaa.

Jambo hilo la watu mbele ya jukwaa nililifahamu kabla sijaiona bendi yoyote. Nimezaliwa Kisesa, jirani na Bujora, ambako kila mwaka mwezi Juni hufanyika ngoma za Bulabo. Vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na waganga wake, na kwa desturi mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ndiyo maana wachezaji walikuwa radhi kuja hata na chatu aliye hai. Nikiwa mtoto nilihama kutoka kundi moja kwenda jingine pamoja na watu wazima, na niliona mchezaji anavyobadilika uso anapowaona watu wanamwendea mwenzake. Nilipokuja kusikia mashabiki wa Msondo na wa Sikinde, bendi mbili hasimu za dansi za Dar es Salaam, wakibishana, sikuhitaji kuelezwa. Hata majina yale yenyewe ni ya ngoma. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo.

Bendi kongwe niliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1992, katika ukumbi mmoja wa Kirumba. Sitaitaja jina, kwa sababu mbele nitasimulia habari za kijana wake mmoja ambaye sikumwomba ruhusa ya kumwandika. Ilikuwa imetoka Dar es Salaam kwa reli, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Kaka yangu, aliyekuwa kibarua katika bandari ya Mwanza Kusini, ndiye aliyenilipia. Enzi zile matangazo ya redio yalitufikia kwa mikwaruzo, hasa jioni, na kulikuwa na wimbo mmoja wa talaka ambao sote tuliupenda bila kuusikia sawasawa. Mwishoni mwa ubeti wa tatu bendi iliimba kwamba mume "alirudia", yaani alilitamka tena neno la talaka. Sisi huku, kwa sababu ya mikwaruzo ile, tulisikia "aliridhia". Tuliimba hivyo majumbani, tuliimba hivyo sokoni, na kisa chetu kilikuwa tofauti kidogo na chao: mume wao alikuwa mkaidi, wetu alikuwa amechoka.

Basi wimbo ulipofika pale, ukumbi mzima ukaimba "aliridhia". Mwimbaji mkubwa aliinua uso. Aliwaashiria wapiga tarumbeta wasiingie, akaushusha mkono mpaka gitaa la besi likabaki peke yake na tumba, akausogeza mkonga wa mikrofoni kuelekea kwetu. Tukaimba tena. Akatega sikio kama mtu anayesikiliza mlango ukibishwa, akacheka, akageuka kuwaambia wenzake jambo ambalo hatukulisikia. Waliporudia ubeti ule kwa mara ya mwisho, kabla ya chemko, waliimba "aliridhia" kwa sauti tatu, na ukumbi ulilipuka hata sikuweza kusikia gitaa lilipoingia. Rekodi ya wimbo ule ninayo kwenye simu. Inasema "alirudia", safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja.

Najua hoja ya upande wa pili, kwamba wazee wale hawapo tena na kinachoonekana leo jukwaani ni jina tu. Hoja hiyo inauma na ina ukweli ndani yake. Bendi tunayoiita Msondo Ngoma ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilishwa jina nayo ilibadilishwa, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ikabaki na jina la mtindo wake. Mwimbaji wake Muhidin Gurumo aliondoka mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, ndiyo Sikinde, mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, baadaye akarejea Msondo, akastaafu mwaka 2013 na kufariki mwaka uliofuata. TX Moshi William, mwimbaji mwenzake wa Msondo, alikuwa ametangulia mwaka 2006. Shaaban Dede, mwana wa Kagera, ambaye sisi wa Kanda ya Ziwa tulimhesabu kuwa wetu ingawa alizipitia bendi zote mbili kubwa za Dar es Salaam, alifariki mwaka 2017. Anayekwenda ukumbini kuzitafuta sauti zile zile atarudi nyumbani na huzuni, na simlaumu.

Lakini ukiyatazama vizuri maisha ya watu hao, utaona kwamba hata walipokuwa hai hawakukaa mahali pamoja. Mwimbaji alihama, nyimbo zake zikabaki na bendi, na siku ya pili mtu mwingine alisimama kwenye mikrofoni ile akaziimba, huku mashabiki wakimpima neno kwa neno. Bendi hizi zimeishi kwa kupokezana tangu mwanzo. Kwa hiyo ninapoingia ukumbini sasa siendi kumtafuta marehemu. Nakwenda kuona kile alichokiacha kimeshikwa na nani, na kimeshikwaje.

Hapo lazima niseme jambo kuhusu waandaaji. Miaka michache iliyopita nilihudhuria tamasha moja hapa mjini ambako bendi ya wazee ilipewa nyimbo tatu tu, saa moja jioni, kabla ya wasanii vijana wanaoimba juu ya muziki uliorekodiwa. Mikrofoni ya tarumbeta haikuwashwa mpaka wimbo wa pili. Bendi ya dansi haikuumbwa kwa namna hiyo. Huanza na muziki laini wakati watu wanaingia, waimbaji wadogo wakatangulia, ala zikapatana na ukumbi, na wakubwa wakapanda kuanzia saa nne au saa tano, wakati miguu ya watu imeshapata moto. Ukiikata usiku wake umeikata pumzi. Ikiwa aliyeuliza swali aliiona bendi kongwe katika hali kama ile, ninaelewa kwa nini anaona simu inatosha.

Mwaka juzi bendi yangu ya mwaka 1992 ilirudi Mwanza na kupiga usiku mzima, kiingilio shilingi 10,000. Nilikaa upande wa tarumbeta, karibu kiasi cha kumwona mpigaji akifungua kikomeo cha chini na kumwaga mate kabla ya kila zamu yake. Kwa kazi yangu macho hayaachi nguo. Sare yao ilikuwa mashati ya kitenge cha bluu, na mengi yalikuwa yamefumuliwa ubavuni na kuongezwa, kwa uzi ambao haukulingana na ule wa kwanza. Miili ilikuwa imenenepa, kitambaa kile hakipatikani tena madukani. Shati moja tu lilikuwa kubwa. Lilivaliwa na kijana mwembamba aliyesimama pembeni katika sauti ya pili, na mshono wa bega ulimwangukia vidole vitatu chini ya pale unapotakiwa, hata kila alipoinua mkono shati lote lilipanda.

Ulipokuja wimbo wa talaka, kijana yule ndiye aliyeongoza. Ukumbi ulikuwa na watu wa umri wangu na watoto wao, wengi wakiwa wameujua wimbo kutoka kwenye simu, kwa hiyo nilijiandaa kusikia "alirudia". Alifumba macho, akaimba "aliridhia".

Tulipotoka nilimfuata pale walipokuwa wakipakia vyombo kwenye gari. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba mimi ni fundi na bega lile linaweza kurekebishwa kwa nusu saa, kabla hawajaondoka. Alinishukuru kama kwamba nimemtoa aibuni. Saa tatu asubuhi alikuwa kibandani kwangu na shati mkononi, limefungwa ndani ya gazeti. Nilifumua mikono yote miwili, nikapunguza mabega, na nilipokuwa naurudisha mkono wa kulia nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kuimba neno lile.

"Wakubwa, Mama," alinijibu. "Nilipopewa wimbo niliambiwa tu kwamba popote tunaimba alirudia, lakini tukivuka Shinyanga, tukiingia Mwanza, tunaimba aliridhia. Niliuliza sababu, hakuna aliyeijua. Waliokuwapo wakati huo wamefariki au wamestaafu."

Nilisimamisha cherehani. Nilimsimulia kuhusu mikwaruzo ya redio, ukumbi wa Kirumba, mikrofoni iliyogeuzwa kwetu, na yule mzee aliyecheka. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaniomba nimwimbie ubeti ule kama tulivyouimba sisi wa ukumbini usiku ule, pamoja na mahali tulipovuta pumzi. Nikamwimbia, naye akaingia na sauti ya pili, na majirani zangu wa mitumba wakaacha kupanga nguo.