Wapiga gitaa wa progu (roki ya progresivu) wasiopewa haki yao, na namna ya kuchota mbinu zao

Msomaji mmoja ameniandikia: "Nimeshamaliza Gilmour wa Pink Floyd, nimeshamaliza Howe wa Yes na Fripp wa King Crimson. Sasa nijifunze kwa nani?" Hilo la kumaliza tuliache. Swali lenyewe ni zuri, na jibu fupi ni majina sita: Steve Hackett, Andrew Latimer, Alex Lifeson, Martin Barre, Allan Holdsworth na Gary Green. Ila kuwasikiliza tu hakutoshi, itabidi ukae chini na gitaa.

Kila mara orodha za wapiga gitaa mia bora zinapotoka, majina haya ama hayapo ama yamesukumwa mkiani. Sababu haina siri. Watunga orodha hupenda kasi na solo inayojitegemea, wakati roki ya progresivu ni muziki uliopangwa kwa ajili ya bendi nzima. Gitaa humo mara nyingi linafanya kazi ambayo msikilizaji anadhani ni kinanda, au linanyamaza mistari kumi na sita ili noti moja iingie mahali pake. Anayesikiliza kwa kuhesabu noti hawezi kuusikia ustadi wa namna hiyo. Barre ndiye aliyeonewa zaidi: solo yake kwenye "Aqualung" (1971) ina mwanzo, kilele na mwisho, unaweza kuiimba yote kwa mdomo, lakini ukitaja Jethro Tull watu wanamwona mwimbaji wake Ian Anderson na filimbi yake, mguu mmoja hewani. Kwa simulizi ya Barre mwenyewe, alipokuwa akiirekodi, Jimmy Page wa Led Zeppelin aliingia chumba cha mitambo cha studio akampungia mkono, naye akaendelea kupiga bila kupoteza mstari.

Tuanze na Hackett, maana ana mengi. Alikuwa kwenye bendi ya Genesis kuanzia 1971 hadi 1977, na kwenye albamu ya Nursery Cryme (1971) tayari alikuwa anagonga freti (vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) kwa mkono wa kulia, miaka saba kabla ya albamu ya kwanza ya bendi ya Van Halen kuifanya mbinu hiyo ijulikane duniani. Ijaribu hivi. Kwenye uzi wa kwanza, weka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto freti ya 5 na kidole kidogo freti ya 8. Gonga freti ya 12 kwa kidole cha kati cha mkono wa kulia. Unapokiondoa usikiinue wima, kivute kidogo kuelekea chini ili uzi ulie: freti ya 12, kisha ya 8, kisha ya 5, halafu gonga tena. Hiyo ni A maina. Anza na metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, noti tatu kila pigo. Kinachoharibika kwa wengi si kasi, ni nyuzi nyingine kuvuma zenyewe. Laza ubavu wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi nene, na ncha ya kidole cha shahada cha kushoto iguse uzi wa pili kidogo ili uunyamazishe.

Lakini kugonga si ndiko kunakomfanya Hackett awe Hackett. Kuna noti zake ndefu zinazoingia bila mshindo wa piki, kana kwamba zimetoka ukutani. Siri yake ni pedali ya voliumu, distoshoni (inayochafua sauti) na dilei (inayorudia noti kama mwangwi), na mpangilio wa hivyo vitatu ndipo watu wanapokosea. Panga hivi: gitaa, distoshoni, pedali ya voliumu, dilei, ampu. Ukiweka pedali ya voliumu kabla ya distoshoni, ukiifunga unapunguza uchafu wa sauti badala ya kupunguza sauti, kwa hiyo noti inaanza safi na nyembamba kisha inachafuka. Ukiiweka baada ya dilei, kila ukifunga unakata mwangwi uliokuwa bado unalia. Funga pedali, piga uzi, halafu fungua taratibu kwa muda wa pigo moja zima. Dilei iendane na mwendo wa wimbo: gawa milisekunde 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500 kwa pigo.

Angalia na aina ya pedali yenyewe kabla ya kununua. Ya 250k (kiloohm 250 za ukinzani) imetengenezwa kupokea moja kwa moja gitaa la pikapu, yaani vinasa-sauti, za kawaida zisizo na betri. Ya 25k hukaa baada ya pedali nyingine inayotumia umeme. Ukichomeka gitaa moja kwa moja kwenye 25k, sauti inafifia na ukali wote unapotea, kisha unaanza kulaumu ampu isiyo na kosa.

Latimer wa Camel hahitaji maelezo marefu. Sikiliza "Ice" ya 1979 halafu ufanye zoezi moja: uzi wa pili, piga freti ya 10 usikie noti, kisha rudi freti ya 8 uvute uzi mpaka ufike noti ile ile. Tumia vidole vitatu kwa pamoja na uzungushe kifundo cha mkono, kidole kimoja peke yake hakina nguvu hiyo. Mtetemo uanze baada ya kufika. Anayetetemesha uzi akiwa bado njiani anaficha noti isiyofika, na sikio la msikilizaji halidanganyiki.

Kwa Lifeson wa Rush, acha solo, chukua kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Bendi ya watu watatu ina nafasi kubwa tupu, na yeye aliijaza kwa kuacha nyuzi mbili za juu wazi. Kodi inayofungua albamu ya Hemispheres (1978), kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba, ni 2-4-4-3-0-0. Kidole cha shahada freti ya 2, cha pete na kidogo freti ya 4, cha kati freti ya 3. Uzi wa tatu unatoa A kali (A#) na uzi wa pili ulio wazi unatoa B, nusu toni tu kati yao, na msuguano huo ndio utamu wenyewe. Makosa ni mawili. La kwanza ni mazoea ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote, ambayo yanaua nyuzi mbili za juu. La pili ni distoshoni kupita kiasi, hapo nusu toni ile inageuka kelele. Punguza, ongeza pedali ya korasi kidogo. Kisha hamisha umbo lilelile hadi freti ya 5, yaani 5-7-7-6-0-0, usikie linavyobadilika tabia.

Holdsworth ana sifa kwa wapiga gitaa wenzake, mitaani hajulikani. Anza na albamu ya 1978 ya bendi iitwayo U.K., solo ya "In the Dead of Night", juu ya mdundo wa mapigo saba. Zoezi: freti 5, 7 na 9 kwenye kila uzi, piki iguse noti ya kwanza tu ya uzi. Ukishuka, usivute uzi kwa kidole kinachoondoka. Kiinue wima na kidole kinachofuata kigonge chenyewe. Fanya hivyo bila distoshoni, kwa sauti ndogo, la sivyo mitambo itakubebea uvivu. Kifundo kikiuma, simama.

Gary Green nimemweka mwisho kwa sababu somo lake linahitaji mtu wa pili. Katika bendi yake ya Gentle Giant, sikiliza albamu ya Octopus (1972), melodi moja hugawanywa vipande vipande baina ya vyombo. Chukua skeli ya C, noti nane. Wewe piga ya 1, 2, 5 na 6, mwenzako ya 3, 4, 7 na 8, metronomu ikiwa 60, noti mbili kila pigo. Noti yako inatakiwa ife pale pale ya mwenzako inapozaliwa, kwa hiyo legeza kidole cha kushoto bila kukiondoa kwenye uzi. Mkishaweza, badilishaneni, kisha gawaneni vibaya makusudi: wewe 1, 4 na 7, yeye zilizobaki. Huna mwenzako? Rekodi sehemu yako kwenye lupu (kifaa kinachorudia ulichorekodi) pamoja na ukimya wake, na ubonyeze kufunga lupu juu kabisa ya pigo la kwanza la mzunguko unaofuata. Ukichelewa hata kidogo, ukimya unarefuka kila mzunguko, na sehemu ya pili haitakaa kamwe.