Jibu: RAM ya T480, ulipe kampuni au ufunge mwenyewe?

Ndugu, umeuliza kama uilipe kampuni iliyoitengeneza ikuongezee RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwenye laptop yako ya ThinkPad T480, au ununue hapa Kisumu ufunge mwenyewe. Funga mwenyewe. Chipu zenyewe nyingi hutoka kwa Samsung, Micron au SK Hynix, iwe umenunua kwa kampuni au dukani. Kwa kampuni mara nyingi unalipia jina.

T480 ina nafasi mbili za RAM ya aina ya DDR4. Ukiuziwa DDR3, aina ya zamani, haitaingia, pengo lake halilingani, kwa hivyo usilazimishe. Kabla ya kufungua, ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka) uzime betri ya ndani (mafundi wengi huruka hapa), chomoa chaja, toa betri ya nje, kisha gusa chuma uondoe umeme tuli mwilini. Ingiza kipande cha RAM kwa mshazari, sukuma mpaka meno ya dhahabu yakaribie kufichika, halafu kibonyeze chini hadi vishikizo vya pembeni vilie "ta". Ukinunua cha mtumba Oginga Odinga Street, dai kijaribiwe kwa Memtest86, programu ya kupima RAM, kabla hujatoa pesa.

Ingekuwa T480s, una nafasi moja tu. RAM nyingine imechomelewa kwenye ubao. MacBook Air ndiyo usijisumbue, RAM yake yote imechomelewa: agiza GB unazotaka siku ya kuinunua.