Pikipiki ya injekta haiwaki, fundi anataka kubadilisha kompyuta

Boss kama pikipiki yako ya injekta (ile inapuliziwa petroli kwa stima, haina kabureta) stata inazungusha fiti na haiwaki, usikubali kuuziwa kompyuta ya injini saa hii, hiyo haifi ovyo na ni ghali sana. Fungua swichi bila kupiga stata halafu skiza kwa tenki, pampu inafaa ilie sekunde mbili tatu hivi alafu inyamaze. Ikikaa kimya angalia fyuzi, rilei (kaswichi kadogo ka kupeleka stima kwa pampu) na ile swichi nyekundu ya kuzima injini, na kama ilikuanguka na wewe juzi kwa matope ujue nyingi ziko na sensa ya kuanguka, inakata mafuta mpaka uisimamishe wima, uzime swichi na ufungue tena.

Betri usiiamini ati juu honi inalia, weka mita ya volti ukipiga stata, ikishuka chini ya volti 10 ianze kuchajiwa kwanza, na hii si kama ile ya kabureta, betri ikikufa kabisa hata msukume kutoka Kondele mpaka Mamboleo hapa Kisumu, nyingi haziwaki, pampu inataka stima.

Pampu ikilia na bado imegoma, hesabu vile taa ya injini inawaka na kuzima kwa dashibodi, kwa Honda nyingi mmweko mrefu ni 10, mfupi ni 1, ukijumlisha unapata kodi, yaani namba ya kuonyesha shida iko wapi. Kama hakuna kodi mwaga hiyo petroli, hasa ikiwa ya kununua kwa chupa kando ya barabara, maji na uchafu huziba filta na injekta. Na kijana wa kar wash asipige maji ya presha kwa konekta, pale waya zinaungana, tafadhali.