Kuitafuta nyota iliyolipuka kuwa SN 2023ixf kwenye picha za Hubble

Mkuu umeuliza kama mtu aliye nyumbani na kompyuta ya kawaida anaweza kuiona nyota ya SN 2023ixf jinsi ilivyokuwa kabla haijalipuka. Anaweza. Supanova hii (mlipuko wa nyota kubwa inapokufa) ilitokea kwenye galaksi ya M101, kama miaka ya nuru milioni 21 kutoka kwetu, na Koichi Itagaki wa Japani ndiye aliyeigundua tarehe 19 Mei 2023. Darubini ya angani Hubble ilishaipiga picha sehemu hiyo mwaka 2002 kwa kamera yake ya ACS, na picha ziko wazi bure kwenye hifadhi ya mtandaoni ya MAST.

Tafuta kwa nafasi, usitafute kwa jina la galaksi, maana M101 ni kubwa na utarundikiwa mafaili yasiyokuhusu. Nafasi (RA na Dec ni kama longitudo na latitudo za angani) ni RA 14:03:38.56, Dec +54:18:41.9, karibu na wingu la gesi NGC 5461. Pakua mafaili yanayoishia na _drc.fits ya vichujio F435W (buluu), F555W (kijani) na F814W (nyekundu hadi karibu na infraredi). Faili moja linapita megabaiti 200, kwa hiyo jipange na bando. Kisha tafuta picha iliyopigwa baada ya mlipuko, fungua zote kwenye DS9 (programu ya bure ya kutazama picha za anga), oanisha fremu kwa WCS (nafasi za angani zilizoandikwa ndani ya faili), weka mizani ya log ili vitu hafifu vionekane, halafu zipitishe moja baada ya nyingine.

Wengi hukwama kwenye kulinganisha nafasi. Picha za miaka tofauti zinaweza kupishana kwa sehemu ya sekunde ya tao (kipimo cha pembe, 1/3600 ya digrii), na pikseli moja ya ACS ni sekunde za tao 0.05 tu. Chagua nyota 15 hadi 20 zinazoonekana kwenye picha zote mbili, pima zimesogea kiasi gani, tafuta wastani wake. Lakini usichague zile zinazong'aa sana! Nyingi ni za galaksi yetu wenyewe, zipo mbele ya M101, na zinatembea. Nyota inayosogea sekunde ya tao 0.01 kwa mwaka itakuwa imehama pikseli 4 kati ya 2002 na 2023, na ukiitegemea utaishia kwenye nyota jirani. Tumia nyota hafifu za M101 yenyewe.

Tatizo la pili ni mwanga kuzidi. Supanova ilifikia karibu magnitudi 11 (kipimo cha mwangaza; namba ndogo ni mwanga zaidi). Kwa WFC3, kamera nyingine ya Hubble, na kichujio F555W hiyo ni kama elektroni 800,000 (chaji inayozalishwa na mwanga) kwa sekunde, na karibu moja ya tano huangukia pikseli ya katikati. Pikseli hujaa kwenye elektroni 70,000 hivi, na muda mfupi kabisa wa kupiga ni nusu sekunde, kwa hiyo hata huo unajaza. Chaji ikifurika hutiririka juu na chini kwenye safu, na kitovu unachokipima kinakuwa cha uongo. Chukua picha ya baadaye, nuru ikishapungua.

Ukifika mahali penyewe utaona kidoa hafifu kwenye F814W, huku vichujio vya buluu havina kitu. Usidhani umekosea. Ilikuwa nyota jitu kuu jekundu iliyofunikwa na vumbi lake, na vumbi humeza zaidi mwanga wa buluu. Ndiyo maana Spitzer, darubini ya angani ya infraredi, iliiona vizuri kwenye mikromita 3.6 na 4.5. Ila pikseli ya Spitzer ni sekunde za tao 1.2, yaani upana wa miaka ya nuru 120 hivi kwa umbali huo, kwa hiyo nafasi ichukue kwenye Hubble na mwangaza wa infraredi kwenye Spitzer.

Hata ukilinganisha vizuri, kidoa hicho bado ni mtuhumiwa tu, kwa sababu pikseli ya ACS nayo inabeba miaka ya nuru 5 na ushee, na nyota mbili zinaweza kujibana humo. Uthibitisho ni kupiga tena miaka kadhaa baadaye na kukuta nyota haipo. Kwa SN 2003gd, supanova ya galaksi ya M74, jibu hilo lilitolewa mwaka 2009.