Re: Miaka mitatu tangu nimalize UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), nahisi siwezi kitu

Mdogo wangu, umeandika kwamba umeitwa usaili mara nne, zote umebwagwa, na sasa hata tangazo la kazi huwezi kulifungua. Pole sana. Hali hiyo naijua.

Mimi niligandia chumbani Chang'ombe miezi minane. Kila nilipoahirisha kuomba kazi nilipata nafuu ya siku moja, kesho yake woga unarudi umenenepa. Ndivyo woga unavyokua: unakula yale tunayoyakwepa.

Kilichonitoa ni kitu kidogo mno. Jirani yangu wa Soko la Majengo alikuwa anauza mafuta ya alizeti bila daftari lolote. Nikaomba nimwandikie hesabu, saa moja kila jioni, bure. Wiki ya tatu akaanza kunilipa, na mwenzake akaniita. Sikuwa nimejiamini bado, nilikuwa nafanya tu huku natetemeka.

Na usaili nao uuangalie vizuri. Utumishi, yaani Sekretarieti ya Ajira inayosaili kazi za serikali, kuna mchujo wa maandishi, halafu mahojiano. Wewe umesema mara mbili ulifika mahojiano! Mtu asiyeweza kitu hafiki huko. Na kufaulu bila kupangiwa kituo kunatokea, nafasi zikiwa chache. Majina ya waliofaulu huhifadhiwa kwenye kanzidata, yaani orodha yao ya kompyuta. Tatizo lako naona ni kujieleza, basi tafuta mtu akuhoji kwa sauti, hata dada yako.

Kesho asubuhi fungua tangazo moja tu, ulisome hadi mwisho. Usiku uje hapa uniambie limesemaje, nitakuwepo.