Kusoma amani nje bila ada ya mfukoni

Dada, umesema unataka kwenda nje kusomea amani na usuluhishi wa migogoro, una digrii, miaka minne ya kazi na wakimbizi kambini Nyarugusu, na mfuko mtupu. Basi anza na ufadhili wa amani wa Rotary, ule mtandao wa vilabu vya kujitolea duniani. Kwa shahada ya uzamili wanataka uzoefu wa kazi wa miaka 3, kwa hiyo hapo umepita. Wanalipa ada, malazi, chakula na tiketi ya kwenda na kurudi. Dirisha la maombi hufunguliwa Februari na kufungwa katikati ya Mei. (Kama mzazi wako ni mwanachama wa Rotary, sahau, hawaruhusu.)

Chuo nacho kichague kwa akili. Uppsala kule Sweden ni watu wa takwimu, ndio wanaohesabu vifo vya vita duniani, kwa hiyo kama hesabu zinakupiga chenga utalia. Bradford, Uingereza, wamefundisha somo hili tangu miaka ya 1970 na kwao usuluhishi wenyewe una nafasi kubwa. Ningekuwa wewe ningeenda huko.

Kwenye insha ya maombi usiandike "napenda amani", kila mtu anaipenda. Andika ule ugomvi wa foleni ya maji uliotaja: ndoo zilipangwa tangu alfajiri, nani aliruka foleni, ulimwita nani kwanza, na baada ya wiki hali ilikuwaje. Mimi rasimu yangu ya kwanza ilijaa maneno makubwa, nikakataliwa. Ya pili ilikuwa na mbuzi mmoja na shamba la mihogo.